Fundi Asiyepima Wanaume

Chaki alilishika lile begi, akalitazama mbele, akaligeuza nyuma, kisha akalirudisha taratibu juu ya rundo na kusema kwamba mabegi yale hayaendi.

Karakana ya chuo ilinyamaza. Hata Redio, ambaye mdomo wake kwa kawaida haupati likizo, alibaki ameshika penseli hewani. Walikuwa wameshinda wiki nyingi humo ndani, wanafunzi wa ualimu, wakikusanya madaftari, penseli, rula na vifutio kwa ajili ya watoto wa ng'ambo ya mpaka, ambako vita vilikuwa vimezigeuza shule magofu. Walipita nyumba kwa nyumba, duka kwa duka, mpaka watu wakawa wakiwaona kwa mbali, wanavuka barabara kuwakwepa. Penseli zote zilichongwa kwanza, kwa sababu wembe na vichongeo haviruhusiwi kupita vizuizini. Kilichokuwa kimebaki ni mabegi tu ya kutilia vitu hivyo, na mabegi ndiyo haya aliyoyaleta Kifungo asubuhi hii kwa mkokoteni, yamepangwa vizuri, yananukia kitambaa kipya.

Kifungo alihisi damu ikimpanda usoni. Mabegi yale alikuwa ameyashona mama yake.

Ili ujue kwa nini jambo hilo lilimchoma, mjue kwanza mama mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha mbele ndicho kilichokuwa duka: cherehani ya miguu karibu na mlango, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na kamba ya nguo zinazosubiri wenyewe. Alishona magauni, sketi na nguo za watoto. Nguo za wanaume hakugusa. Mwisho wa ile kamba lilitundikwa koti moja jeusi la kiume, limekamilika kila kitu isipokuwa vifungo. Lilikuwa la mumewe, dereva wa masafa marefu, ambaye alipimwa asubuhi moja huku akicheka kwamba anatekenywa, akaahidi kulivaa akirudi. Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari ya ajali wala ya mwanamke mwingine. Tangu hapo, mwanamume akiingia kutaka suruali anaelekezwa kwa fundi wa upande wa pili wa barabara.

Basi fikiria alivyoipokea habari kwamba binti yake wa pekee, ambaye chuo kizima kinamwita Kifungo kwa sababu ya kazi ya mama yake, amempenda Chaki, kijana aliyeukimbia moto wa vita kwao na kuvuka mpaka na nguo alizovaa tu. Mashangazi walipiga kelele siku nzima. Mama hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mwanamume aliyeacha kwao nyuma, siku moja atakwenda kupatazama, na binti yake atabaki na kamba yenye makoti mawili. Halafu akaendelea kutia uzi kwenye sindano.

Na maneno yake yakaelekea kutimia. Wapokeaji wa ng'ambo walisema mzigo uje na mtu wa chuo anayejua lugha ya kule, na mtu huyo alikuwa mmoja tu. Kila mtu alijua kwamba vijana wa umri wa Chaki wakionekana kule hukamatwa vizuizini na kupewa bunduki. Kifungo alikuwa amelia mpaka macho yakamvimba, amenuna, ameapa hatazungumza naye tena, amezungumza naye tena siku hiyo hiyo. Chaki alimjibu kwa upole kila mara, na kila mara alibaki na jibu lile lile kwamba ataenda.

Ndiyo maana mabegi yale yalikuwa na maana kubwa. Kifungo alipomwomba mama yake ashone, alitegemea kufukuzwa. Mama alikubali. Kitambaa alikitafuta mwenyewe, kizito, cha kijani kilichofifia, vipande vilivyobaki kwenye karakana inayoshona sare za walinzi. Alikichagua kama fundi anavyochagua: hakichaniki, hakichuji, na mtoto akikiburuza mavumbini hakionyeshi uchafu. Kila mshono aliupitisha mara mbili. Ndani ya kila begi aliweka kijifuko chembamba cha penseli, maana aliwajua watoto na penseli zao. Na asubuhi hii, alipokuwa akimsaidia binti yake kupakia, alisema bila kumtazama, "Mwambie huyo kijana wako auangalie huo mshono."

Kijana wako. Hakuwahi kulisema neno hilo kabla. Kifungo aliusukuma mkokoteni njia nzima akitabasamu peke yake.

Sasa alimvuta Chaki kwa mkono wa shati mpaka nyuma ya karakana, penye mbao zilizoegemezwa ukutani, akamuuliza amekuwa na nini. Chaki alijibu kwamba ni rangi. Akamuuliza rangi imemkosea nini.

"Siwezi kumvisha mtoto kitu kile," Chaki alisema.

"Mama yangu amechomwa na sindano kwa ajili yako. Mama yangu, Chaki. Unajua nimemwomba nini na nini mpaka afike hapo?"

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingesema mbele ya watu."

Chaki alikuwa na weupe wa chaki kwenye suruali kama siku zote, na alikuwa akifungua na kufunga kifungo cha shingoni cha shati lake, jambo ambalo Kifungo aliliona lakini hasira haikumruhusu kuliuliza. Alimpenda kijana huyu kwa sababu alikuwa mkweli kupita kiasi, na wakati huo alitamani angekuwa mwongo walau mara moja.

Mwalimu mlezi alipofika na kuelezwa kwamba mwenye kusafiri na mzigo ameyakataa mabegi, alishika kiuno. Aliwakumbusha wanachokijua: msafara wa malori unaondoka kesho alasiri, na baada ya hapo barabara inafungwa, haijulikani mpaka lini. Vitu vilivyo kwenye maboksi havipokelewi, kwa sababu maboksi yote ya kwanza yaliishia sokoni. Mtoto anapewa begi lake mgongoni, limejaa, na hilo hakuna anayelinyang'anya kirahisi. Pasipo mabegi, nafasi yao kwenye lori atapewa mwenye mablanketi. Maduka yote wameshayapitia, na wenye maduka wameshachoka nao. Mwalimu aliuliza kama kuna mtu ana njia nyingine.

Safari imekufa, basi. Katikati ya aibu na hasira zake, Kifungo alihisi kitu kidogo chenye joto kikimwamka kifuani. Chaki haendi. Alijaribu kukizima kitu kile na hakikuzimika.

Kifungo na Chaki walipofika dukani kwa mama, habari ilikuwa imeshatangulia. Redio alikuwa amepita njia ya mkato na mkokoteni wa mabegi, akaeleza yote na kuongeza ya kwake, akaondoka. Mama alikuwa kwenye cherehani, mguu unakanyaga, kichwa kimeinama.

"Shikamoo, Mama," Chaki alisema akiwa mlangoni.

"Marahaba. Nguo za wanaume ni upande wa pili wa barabara."

"Sikuja na nguo, Mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Mshono una kasoro?"

"Hauna."

"Mikanda mifupi?"

"Hapana, Mama. Sijawahi kuona begi la mtoto lililoshonwa vile."

"Basi kasoro ni ya mshonaji." Mama alikata uzi kwa meno. "Sema tu, kijana. Mimi si mtu wa kuzungushwa."

Kifungo alitamani sakafu impokee. Chaki alichukua begi moja kutoka kwenye rundo, akailegeza mikanda mpaka mwisho, akalivaa mgongoni. Lilimkaa juu kabisa, kati ya mabega. Bila kueleza neno alitoka, akavuka barabara, akasimama mbele ya duka la yule fundi mwingine, akawageuzia mgongo. Mpita njia mmoja alicheka. Kisha Chaki akarudi, akasimama mbele ya cherehani.

"Mama, umeona nini?"

"Nimeona kijana mzima kavaa begi la mtoto."

"Sasa fikiria unaogopa. Na kati yangu na wewe pana ukuta wa nusu, unaona mabega tu."

Mguu wa mama uliacha kukanyaga. Alilitazama begi, akaitazama kazi ya mikono yake mwenyewe, na ile rangi aliyoichagua kwa sababu haionyeshi uchafu.

"Askari," alisema kwa sauti ya chini.

Chaki alitikisa kichwa kukubali. Halafu akasema jambo ambalo Kifungo, aliyejua kila kovu la mikono yake na kila wimbo anaoupenda, hakuwahi kulisikia. Alilisema akiitazama sakafu.

"Nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Kulikuwa na baridi siku hiyo, nikamvisha koti langu la mtumba. Rangi hii hii. Mimi ndiye niliyemfunga vifungo, mpaka cha shingoni. Akaenda kuchota maji. Aliyekuwa na bunduki juu ya paa hakuona mtoto, Mama. Aliona rangi."

Mama alinyoosha mkono kumwonyesha kiti cha wateja, lakini Chaki hakuketi. Alisema alitaka tu ajue kwamba kosa si la mshono, na kwamba tangu alipofika nchi hii hakuna mtu aliyemshonea chochote, kwa hiyo asubuhi alipoona mabegi yale aliumia zaidi ya alivyoweza kueleza mbele ya wenzake. Sasa safari haipo. Mzigo utagawiwa shule za hapa hapa.

Hapo macho ya mama yaliondoka kwa Chaki, yakaenda kwenye pazia la chumba cha ndani, yakarudi. Yalikutana na macho ya Kifungo.

Wote wawili walijua kilichokuwa nyuma ya lile pazia. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati, na ndani ya sanduku jora zima la kitambaa cha njano, njano ya kiini cha yai, ambalo mama alilinunua Kifungo akiwa bado anaota meno. Lilikuwa la harusi ya Kifungo. Gauni la bibi harusi lingetoka humo, na nguo za mashangazi wote, na kingebaki cha kupambia meza. Kila mwaka mama alilitoa, akalianika, akalikunja upya. Kitambaa kile kingetosha kuyavisha mabegi yote kwa nje, mgongo, mfuniko na mikanda, na kubaki.

Mama hakusema. Kifungo naye akainamisha uso, hakusema.

Alimsindikiza Chaki mpaka kwenye kona. Kwenye jengo la jirani mafundi walikuwa wakiezeka, nyundo zinagonga, na chini yao ukuta wa ua ulikuwa umejengwa mpaka nusu tu. Chaki alisema labda ni heri. Atabaki, atamaliza chuo, atapata kituo cha kazi, atarudi kwa mama yake Kifungo kumbembeleza mpaka achoke kumkataa.

"Utabaki kweli?" Kifungo alimuuliza.

"Nitabaki."

Alilisema kama mgonjwa anayekubali dawa. Kifungo alikuwa ameliombea neno hilo kwa machozi, na sasa amelipata, akaushika mkono wake mbele ya watu wote bila kujali. Mkono ulikuwa baridi. Chaki aliongea mambo mengine kidogo. Alisema kule watoto huandika kwa mkaa ukutani, na mvua ikinyesha somo limefutika, na mwalimu anaanza upya pale pale bila kulalamika. Kisha akasema hayo yamepita, akambusu kwenye paji la uso, akaondoka.

Alikuwa amesahau kulivua lile begi.

Kifungo alibaki akimtazama kama alivyozoea kumtazama kila anapoondoka, mpaka ageuke mara moja kumpungia. Hakugeuka. Alipita nyuma ya ule ukuta wa nusu, na kichwa chake kikainama, na kilichobaki kuonekana ni mabega na ile rangi. Kifungo aliinua macho. Juu ya paa fundi mmoja alikuwa amepiga goti, ameinua nyundo, anatazama chini kuelekea kule kule.

Fundi wa watu alikuwa akitafuta msumari wake tu. Lakini Kifungo aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kisha akageuka akakimbia nyumbani, kandambili moja ikabaki barabarani.

Alimkuta mama ameketi juu ya kitanda, miguu mbele ya sanduku.

"Nilijua ungekuja," mama alisema. "Nilikuwa naomba usije."

"Naomba ufunguo, Mama."

"Unajua kitambaa hiki ni cha nini."

"Najua."

"Na unajua kwamba ukikitoa, unamtoa na yeye. Siku zote hizi unalia asiende. Mungu amekusikia, amekuletea sababu mpaka mlangoni. Unaikataa?"

Kifungo aliketi sakafuni. Alisema kwa kwikwi kwamba akinyamaza atakuwa naye, ndiyo, lakini kila akimtazama atawaona wale watoto na mkaa wao, na atakuwa ameolewa na mtu ambaye yeye mwenyewe amemdanganya tangu siku ya kwanza. Alisema hataki aende. Alisema angeweza kumfunga kamba kwenye nguzo ya nyumba hii asiende. Alisema mambo mawili yale yalikuwa yanampasua na hajui afanye nini na nafsi yake.

"Na asiporudi?" mama aliuliza.

"Nitakuwa kama wewe."

Neno lilikuwa limeshatoka. Kifungo alisubiri kofi ambalo halikuja.

"Usiombe kuwa kama mimi," mama alisema polepole. "Mpaka leo gari likipiga breki nje, nanyanyuka. Naacha nguo ya mtu nusu, nanyanyuka. Unaniona, unafikiri naenda kuchungulia mteja."

Kisha akautoa ufunguo ulikokuwa, kwenye kamba shingoni pamoja na tepu yake ya kupimia, akamrushia mapajani. Kifungo alifungua sanduku. Njano ilijaa chumba kizima. Aliliburuta jora mpaka kwenye meza ya kukatia, akachukua mkasi mkubwa, na kwa kuwa machozi yalikuwa yamemziba macho, akaanza kukata pale mkono ulipoangukia.

"Siyo hivyo," sauti ya mama ilisema nyuma yake. "Unakikata bila kufuata uzi. Kitavutika chote. Lete hapa."

Mama alipitisha mkasi mara ya kwanza, mdomo umebanwa, na baada ya hapo hakusimama tena. Aliamuru, na kila mtu alitii. Redio aliitwa, na kwa mara ya kwanza kipaji chake kikafaa: kabla jua halijageuka, nusu ya darasa ilikuwa barazani na sindano mkononi. Cherehani za darasa la sayansi kimu zilibebwa mpaka pale. Wasichana walishona, wavulana walipiga bandi ya kushikiza kwa mkono, na mmoja wao alilishonea begi kwenye suruali yake mwenyewe, ikabidi afumuliwe huku wenzake wakicheka. Kifungo hakucheka. Kila begi alilolikamilisha lilimsogeza Chaki hatua moja kuelekea lorini, na yeye ndiye aliyeshona kwa kasi kuliko wote. Chaki hakuambiwa. Mwalimu mlezi alimwita kesho yake mchana tu, akamwambia afungashe nguo zake.

Alasiri lori lilisimama katikati ya uwanja wa chuo, injini inanguruma. Chaki alifika akitembea haraka, kibegi chake begani, akasimama ghafla. Mabegi ya njano yalikuwa yamepangwa mpaka juu, kila moja limejaa, na pasingekuwa na mtu duniani wa kuyadhania kitu kingine isipokuwa mali ya watoto. Aliligusa moja. Aliupapasa mshono. Akauliza wamekipata wapi kitambaa hiki.

Kifungo alijibu kwamba dukani.

"Duka gani?" Redio alidakia. "Si kile cha harusi yake, ambacho mama yake amekitunza tangu..." Akaona uso wa Kifungo, akanyamaza, lakini alikuwa amechelewa.

Chaki aligeuka taratibu. Watu wakajifanya wana kazi ya kufunga kamba za turubai.

"Jana kilikuwepo," alisema.

"Kilikuwepo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekikataa."

"Ningekikataa. Ningebaki, Kifungo. Nilikuwa nimeshakubali kubaki."

"Ulibaki jana, kutoka dukani mpaka kwenye kona," Kifungo alisema. "Nikauona uso wako."

Alikuwa amejiapiza kwamba hatalia. Alikuwa amepanga hata maneno ya kusema, ya kishujaa, amtakie safari njema na kumpungia kwa heshima. Chaki alipomkumbatia, akasikia moyo wake unavyogonga na ile harufu ya chaki aliyoizoea, maneno yote yakamtoka. Alishika shati lake kwa mikono miwili.

"Nilidanganya," alisema kifuani mwake. "Siwezi. Usiende. Mabegi yaende, wewe usiende."

Chaki hakujibu, kwa sababu na yeye alikuwa analia. Dereva alipiga honi. Malori mengine ya msafara yalikuwa yameshaanza kusogea barabarani. Mwalimu mlezi alikuja, akasimama, akashindwa kuwagusa, akarudi. Honi ikapigwa tena, na Kifungo akazidi kulikaza shati.

"Mwachie," ilisema sauti ya mama. "Siwezi kumpima ukiwa umemng'ang'ania."

Hakuna aliyemwona akifika. Alikuwa amesimama nyuma yao na gauni lake la kazi, nyuzi za njano zimemganda kifuani, tepu ya kupimia mkononi. Kifungo aliachia shati bila kujua kama ameachia. Wanachuo waliokuwa wakikijua kisa cha lile koti walitazamana. Wasiokijua waliona tu mama mtu mzima anampima kijana mabega katikati ya uwanja, lori likinguruma.

"Nyoosha mkono," mama alisema. Chaki akanyoosha. Akampima kutoka begani mpaka kwenye kifundo cha mkono, kisha mgongo, kisha shingo. Alipomzungushia tepu kifuani akamwambia asizuie pumzi, apumue kama kawaida. Chaki alijaribu, pumzi zikawa zinakatika katika.

"Huandiki, Mama?" Kifungo aliuliza.

"Vipimo vya mtu mmoja havinishindi." Alibana tepu kwa kidole gumba pale ilipokutana, akaiondoa kifuani kwa Chaki, akamtazama usoni. "Ni koti na suruali. Kitambaa nitajua mwenyewe pa kukitoa. Usikonde huko uendako. Mimi nikishakata, sirekebishi."

"Sitakonda, Mama."

"Na uje kulifuata mwenyewe. Nguo yangu haichukuliwi na mtu wa kutumwa."

"Nitakuja mwenyewe."

Mama alimsukuma begani kuelekea kwenye lori, kwa nguvu kidogo, kama anayemtoa mteja msumbufu. Chaki alipanda. Mkono wake ulitoka dirishani, na mkono wa Kifungo ukaushika, akatembea pembeni ya lori, kisha akakimbia, kisha lori likapata mwendo na vidole vikaachana. Nyuma, kati ya mbao za bodi, njano ilionekana mpaka kwenye lango, mpaka barabarani, ikachanganyika na malori mengine, ikapotea.

Redio alikuja akamshika Kifungo kiuno na hakusema neno lolote, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia.

Mama na binti walirudi nyumbani kwa miguu. Walipokaribia mlango ndipo Kifungo aliona kwamba mama yake hakuwa ameikunja tepu. Ilikuwa inaning'inia mkononi mwake, na kidole gumba kilikuwa bado kimebana pale pale alipokiweka kifuani kwa Chaki, ukucha umekuwa mweupe. Kifungo akaomba amsaidie kuishika.

"Niache," mama alisema. "Nikiachia nitasahau."

Alifungua mlango kwa kiwiko. Ndani, vipande vya njano vilikuwa vimetapakaa sakafuni, na koti jeusi lilikuwa mwisho wa kamba. Kifungo aliketi kwenye kiti cha wateja. Mama aliketi kwenye cherehani, tepu mkononi, hakushona kitu.

Nje gari lilipiga breki. Wote wawili walinyanyuka.